Waya Uliokwenda Jukwaani

Gurudumu la maji la Bihambwe lilitengenezwa kwa ajili ya kituo cha afya. Jambo hilo kila mtu alilijua, pamoja na wale waliokuwa wakichekeshwa kwa umeme wake kila Jumapili baada ya ibada.

Aliyelitengeneza ni Sébastien, fundi wa redio na simu, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Alitumia dinamo ya lori lililopinduka kwenye barabara ya kwenda Sake, mabati aliyoyakunja yakawa makopo ya kupokea maji, na ekseli ya chukudu, ile skuta ya mbao ambayo vijana hushushia viazi mlimani. Alipolitia kijitoni lilizunguka siku hiyohiyo, na aliyeshangaa kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe.

Sababu alikuwa nayo. Mtoto wa kwanza wa Sébastien na mkewe Elodie alizaliwa gizani katika kituo hicho, Mama Mukandori muuguzi akiwa ameuma simu yenye tochi kwa meno, na simu ikazimika katikati ya kazi. Mtoto hakulia. Sébastien alikuwa amesimama nje chini ya dirisha akisubiri kilio, na aliendelea kukisubiri hata baada ya kuambiwa aende nyumbani. Hakulizungumza jambo hilo na mtu yeyote. Alikwenda kutafuta dinamo.

Mama Mukandori alikuja kulikagua gurudumu, akalitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayesema amepona.

"Njo hii itanipatia mwangaza?"

"Njo yenyewe, Mama. Inabakia tu waya na miti ya kuibeba."

"Meno yangu inaisha," alisema Mama Mukandori. "Fanya mbio."

Na kweli alianza mbio. Alileta waya kutoka Goma, mviringo mzima, akaubeba begani pikipiki ikimrusha njia nzima. Alikata miti ya mikaratusi, akailaza kando ya kijito ikauke. Elodie alikuwa mjamzito tena. Kilichobaki ni miti kukauka, na mtu anayesubiri miti ikauke hawezi kukaa bure, kwa hiyo Sébastien alijenga kibanda kidogo pale kwenye gurudumu, akaweka meza, akaanza kuchaji simu za watu. Kwa muda tu, alisema.

Hapo ndipo alipofika Paul.

Paul alikuwa mtu wa Walikale, upande wa msituni, ukoo wa wawindaji. Alishuka kwenye lori bila mzigo wowote isipokuwa mdomo wake. Kwa mdomo huo aliweza kuwa pikipiki inayopanda mlima na abiria watatu, pasta anayesafisha koo kabla ya kutangaza sadaka, kuku aliyeingia jikoni kwa jirani, au mama mkwe wa mtu yeyote uliyemtaja. Lakini kilichompa jina ni kilio cha mtoto mchanga. Alikiiga vizuri kiasi kwamba wanawake wanaonyonyesha walibana mikono kifuani na kuondoka, maana maziwa yalikuwa yanawatoka.

Mtu anayesubiri simu yake ijae hana pa kwenda, na msanii hapendi kitu duniani kama mtu asiye na pa kwenda. Paul aliona kibanda, akaona watu wamekaa kwenye majani wakitazamana, akaanza. Siku iliyofuata watu walileta simu zilizokuwa zimejaa nusu. Wiki iliyofuata walileta za majirani. Wengine walitoka Kitshanga, mji ambao una mahali pengi pa kuchaji simu, na walipoulizwa walisema umeme wa Bihambwe ni mtamu zaidi. Fundi alipata watu kwa sababu ya mchekeshaji, mchekeshaji akapata watu kwa sababu ya fundi, wakawa chanda na pete.

Ingeishia hapo, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini siku moja Paul alilalamika koo.

"Kaka Sébastien, bantu ya nyuma hawanisikie. Miye nakufa na kupiga makelele."

Sébastien alimtengenezea kipaza sauti kutoka kwenye sikio la simu mbovu, akakifunga kwenye mpini wa ufagio kwa utepe wa umeme, ule aliokuwa ameuweka wa kufungia maungio ya waya wa kituo cha afya. Akatengeneza spika. Kisha akagundua kwamba kwa spika mbili pikipiki ya Paul ingeweza kuanzia kushoto na kuishia kulia, na usingizi ukamhama. Ikabidi waya ukatwe vipande. Ilipofika Pasaka, spika zilikuwa nne, moja kila pembe ya uwanja. Pikipiki ilitoka mlimani, ikapita katikati ya watu, ikateremka kijitoni, na wazee wenye akili zao timamu waliinama kuikwepa. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, na alilijua hilo, na ndilo lililokuwa tatizo. Betri ya gari aliyoiweka kwa ajili ya kituo cha afya ilivimba na kufa siku hiyo ya Pasaka, kwenye pikipiki ya mwisho. Miti ya mikaratusi ilikuwa imeshakauka. Sasa ndiyo ilikuwa jukwaa la Paul.

Wala Paul hakutoka salama. Alikuwa amekuja na wazo la mchezo wa maana, juu ya wawindaji wa kwao na msitu unaoliwa kidogokidogo, mchezo wa kukaa kimya na kusikiliza. Aliusema wiki ya kwanza, hakuusema tena. Spika zilipenda pikipiki, na Paul akawa anazipa kile zinachopenda.

Kitu kimoja tu alikataa. Baba yake alimfundisha kumwita mboloko, yule swala mdogo wa msituni, kwa kubana pua na kutoa sauti fulani mpaka mnyama anakuja mwenyewe hadi kwenye wavu. Sébastien alimwomba mara chungu nzima aifanye jukwaani.

"Ile haiko ya kuchezea," Paul alimjibu. "Baba alinipatiaka kwa desturi, mu pori, na masharti yake. Unaita wakati uko na lazima. Ukiita bure, siku ya lazima pori haikuitikie."

"Lakini ku bafle ine, kaka, ingekuwa muzuri sana," Sébastien alisema akizionyesha spika zake.

"Njo maana siifanye."

Mama Mukandori alikuja kila mara kuulizia mwanga wake. Alifika na hasira iliyopangwa vizuri, akamkuta Paul yuko katikati ya kichekesho cha kuku, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaondoka amekasirika maradufu kwa sababu alicheka. Sébastien alimwambia kesho. Hakuwa mwongo. Kila alipolala alikusudia kesho kweli, na kila alipoamka Paul alikuwa mlangoni na wazo.

Elodie hakugombana naye. Alikuwa na tabia moja tu iliyomuumiza mumewe: jioni, tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, alimwita Paul dirishani na kumwambia, "Lia kidogo, kaka." Paul alilia kama mtoto mchanga, Elodie akasikiliza amefumba macho, akasema, "Tena." Sébastien alitoka nje kila mara. Aliogopa kilio kile. Aliogopa kwamba ndicho pekee watakachopata.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya Septemba, watu wanapotayarisha mashamba ya maharage. Uwanja ulijaa. Simu zote zilikuwa mezani kwa Sébastien, pamoja na ya Mama Mukandori, na hakuna hata moja iliyokuwa imeingia chaji, kwa kuwa spika nne zikilia, mezani hakufiki umeme. Mchana ule wingu liliteremka kutoka vilele vya Masisi, likakaa juu ya kijiji, ikawa giza kama nyumba iliyofungwa madirisha. Hakuna aliyeondoka. Paul alikuwa amefika kwenye kichekesho cha mama mkwe anayetembelea bila taarifa.

Ndipo mama mkwe wa Sébastien, Mama Généreuse, alipopita katikati ya watu, akapanda jukwaani, akamnyang'anya Paul ufagio wenye kipaza sauti. Tangu harusi hakuwahi kumwita mkwewe kwa jina. Heshima yao haikuruhusu. Siku hiyo alimwita mbele ya watu wote, kwa spika nne.

"Sébastien. Elodie iko ku maternité. Mutoto iko nakuja na matako. Mama Mukandori anasema haone kitu, analomba mwangaza yake."

Watu walivunjika mbavu. Walidhani ni sehemu ya mchezo na sauti ni ya Paul, wakatafuta anaitolea wapi. Mama Généreuse aliwasubiri wamalize.

"Mutoto wa kwanza alikufaka mu giza," alisema. "Huyu wa pili munamucheka."



Sébastien alikuwa ameshasimama. Alizitazama simu mezani: zote zilikuwa mawe. Alifikiria betri, akakumbuka Pasaka. Aliuliza kama kuna taa ya mafuta kituoni. Mama Généreuse alisema mafuta yaliisha tangu fundi alipoahidi umeme, nani angenunua mafuta na umeme unakuja? Mshumaa ulikuwepo, kipande, na upepo wa dirishani ulikuwa unaushinda. Kila njia aliyoifikiria ilikuwa imeshaliwa na jukwaa, na kila kipande alikuwa amekikata kwa mkono wake mwenyewe. Alijichukia kwa utulivu, kwa sababu hakukuwa na muda wa kufanya hivyo vizuri zaidi.

"Ng'oa waya," alimwambia Paul.

Waliung'oa kutoka pembe zote nne. Sébastien alisokota kipande kwa kipande, shaba kwa shaba, bila utepe, maana utepe ulikuwa kwenye ufagio na haukutosha hata maungio mawili. Waya ulitosha kufika kituoni. Lakini njia ya kwenda kituoni ilipita bondeni, palipokuwa na tope la kufika magotini, na waya mtupu ukigusa maji ungemaliza nguvu yote humohumo. Ulihitaji miti, na miti ilikuwa jukwaa, imepigiliwa misumari.

Aliyepata jawabu ni Papa Dusabimana, mfugaji wa makamo ambaye shamba la mkewe lilipakana na bonde. Miti ya kutambazia maharage ilikuwa pale, mirefu kumzidi mtu, imekusanywa kwa ajili ya kusimikwa.

"Haitasimama mu tope," Sébastien alisema.

"Siye tutasimama," alisema Papa Dusabimana.

Basi watazamaji wa Paul walichukua kila mmoja mti wa maharage, wakaingia bondeni na nguo zao za kanisani, wakajipanga toka gurudumu hadi dirisha la kituo cha afya, wakainua waya juu ya vichwa. Mvua ikaanza. Papa Dusabimana alikuwa wa mwisho kwenye mstari, chini ya dirisha.

Sébastien aliingia ndani na balbu aliyoitoa jukwaani. Mwanamume haingii chumba kile, na Mama Mukandori alitaka kumwambia hivyo, akaona kwamba balbu haina pa kukaa. Kishikio chake kilikuwa kimebaki jukwaani. Ilibidi mtu abane nyaya kwa vidole.

"Angalia ukuta," alimwambia. "Ukigeuka, nitakufukuza na giza yako."

Sébastien aliutazama ukuta. Alibana nyaya, balbu ikawaka, hafifu na njano, lakini ikawaka. Nyuma yake alisikia Mama Mukandori akivuta pumzi kama mtu aliyerudishiwa macho. Elodie alikuwa akihema. Mumewe akaendelea kuutazama ukuta.

Kisha balbu ikaanza kucheza, mara inang'aa, mara inazimika.

"Nani iko nachezesha mwangaza?" Mama Mukandori alifoka.

Sébastien aliuliza kupitia dirishani. Papa Dusabimana alijibu kwa sauti ya mtu anayejizuia.

"Ni Paul. Anapita ku mustari anatutia moyo. Amefika ku kuku."

Watu walikuwa wakicheka, miti ikitikisika, na maungio yasiyo na utepe yakiachana na kukutana.

"Mumwambie anyamaze."

Neno lilipita mdomo kwa mdomo mpaka bondeni. Paul alinyamaza. Balbu ikatulia. Lakini muda si muda ikaanza kufifia, polepole, kama mtu anayesinzia. Mikono ilikuwa imechoka. Mvua ilikuwa ya baridi, miti ilikuwa mizito, na watu waliosimama kwenye tope bila chochote cha kusikiliza walikuwa wamekumbuka nyumba zao. Mmoja aliweka mti chini, akaondoka, waya ukashuka karibu na maji.

"Sione tena," alisema Mama Mukandori, sasa bila kufoka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Papa Dusabimana," Sébastien alisema, "mumwambie Paul aseme. Lakini asichekeshe."

Ujumbe ulikwenda. Sébastien aliwaza kwamba hajawahi kumwomba Paul jambo gumu kiasi hicho. Kwa miezi yote ile walikuwa wamefanya kazi usiku na mchana ili watu wacheke zaidi.

 Halafu sauti ya Paul ilisikika kutoka bondeni, bila spika, sauti yake mwenyewe, ambayo Sébastien alikuwa karibu ameisahau.

"Bantu ya Bihambwe, muko munakamata nini mu mikono?"

Akajijibu mwenyewe.

"Muko munakamata wavu. Wavu ya baba yangu. Anaianzisha ku muto, anaimalizia mbali, na ku kila mahali muntu moja amesimama. Mwenye anatikisika, nyama inamupita. Mwenye anashusha mukono, kijiji kinalala na njaa. Hakuna kukohoa. Hakuna kuangalia nyuma. Muinue."

Balbu ilipanda. Sébastien aliiona ikijaa taratibu mpaka ukuta ukawa mweupe mbele yake.

"Sasa nyama iko karibu," alisema Paul, chini zaidi. "Iko inasikiliza kama siye. Nitaiita. Munipatie kimya."

Akabana pua, akamwita mboloko.

Ilikuwa sauti nyembamba, yenye mkwaruzo, ya kitu kidogo kinachoomba mtu aje kukitazama. Haikuwa kubwa. Kwenye spika nne ingeharibika kabisa, Sébastien alilielewa hilo sasa akiwa na ukuta usoni. Mstari mzima wa watu uliacha kupumua. Aliita, akanyamaza, akaita tena, na katikati ya wito na wito watu wote walielekeza masikio kwenye migomba iliyokuwa juu ya bonde, watu wazima waliojua fika kwamba Bihambwe hakuna mboloko. Hakuna mti uliotikisika. Balbu ilisimama wima kama imepigiliwa.

"Sasa hivi, Elodie," alisema Mama Mukandori. "Sasa. Sukuma."

Sébastien alisikia yote na hakuona chochote. Alisikia mkewe akipiga kelele moja ndefu, akasikia maji, akasikia Mama Mukandori akisema "matako, miguu, mukono," kama mtu anayepokea mizigo, kisha akamsikia akisema "kichwa." Halafu kimya.

Kimya hicho alikuwa anakijua. Alikuwa amekisikiliza kutoka nje ya dirisha hilohilo. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwenye nyaya. Alisikia kofi dogo, na jingine. Bondeni Paul alikuwa amenyamaza pia, yuko katikati ya wito na wito.

Kilio kikasikika.

Kilikuwa kizuri mno. Kilianza kwa kukwaruza, kikakatika, kikapanda, vilevile kabisa kilivyopanda kila jioni dirishani. Na huko nje kwenye mvua mstari mzima ulilipuka kwa kicheko, kutoka dirishani hadi kwenye gurudumu, watu wakipigana mabega na miti yao: Paul ni hatari, Paul hana mpinzani, alitushikisha wavu kumbe anatuletea mtoto. Waya ulianguka kwenye tope. Balbu ikazimika.

Gizani Sébastien aliegemeza paji la uso ukutani. Alikuwa hajawahi kumchukia mtu namna ile.

"Paul," alisema, "naomba unyamaze."

Kilio kiliendelea.

"Papa Dusabimana, mumwambie Paul anyamaze. Mtoto wangu amekufa, yeye analia nini?"

"Fundi," Papa Dusabimana alijibu kutoka dirishani, na hakuwa anacheka tena. "Paul amefika hapa pembeni yangu. Amefunga mudomo na mikono mbili."

Sébastien hakugeuka. Alikuwa ameambiwa asigeuke. Mama Mukandori alimshika bega kwa mkono uliolowa, akamgeuza mwenyewe, akamwekea kitu mikononi. Kilikuwa cha moto na kinateleza, kimefungwa nusu katika kitenge, chepesi kuliko redio ya mkono. Hakukiona. Alikisikia kikijikusanya kifuani pake, tumbo dogo likiingia ndani, na kilio kikatokea pale, katikati ya vidole vyake.

Alikaa chini na mtoto mikononi.

"Ni mwanamuke," alisema Mama Mukandori. "Nilimuona wakati kulikuwa mwangaza. Elodie iko muzima."

Kutoka kitandani Elodie aliongea kwa mara ya kwanza. Sauti ilikuwa imechoka, lakini ilikuwa yake.

"Sébastien."

"Niko hapa."

"Anatosha kulia?"

"Anatosha," alisema Sébastien.  "Anatosha."

"Kesho asubuhi," alisema Elodie, "ubomoe ile jukwaa."

Alilibomoa. Paul alimsaidia kung'oa misumari, na watu waliokuja na simu zao walikaa kwenye majani kama kawaida, wakisubiri Paul aseme kitu. Hakusema kitu mpaka mti wa kwanza wa kubeba waya wa kituo cha afya uliposimama.